Pamba Isiyoota Kisawasawa

Nilifika Kisawasawa nikiwa mke wa mtu wa serikali, na jambo hilo lilijulikana kabla sijautua mzigo wangu. Mume wangu alikuwa mwelekezi wa kilimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli, kupima mashamba ya watu kwa kamba, na kuhakikisha kila kaya imelima kile ambacho serikali ilitaka kilimwe. Mbele yake watu walimwita Bwana Shamba. Nyuma yake walimwita Bwana Kamba. Jina hilo nililisikia kisimani wiki ile ile niliyofika. Lilitamkwa na mwanamke ambaye hakuwa ameniona, kisha wote wakanyamaza na kuinamia mitungi yao.

Sisi wawili tulitoka Mahenge, milimani. Tulikuwa tumefunga ndoa miezi michache tu kabla ya hapo. Tulivuka mto kwa kivuko, tukalala Ifakara kwa jamaa, kesho yake tukapanda lori la mpunga lililokuwa likirudi tupu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tulipewa nyumba ya matofali yenye paa la bati, na kijiji kizima wenzetu walikaa katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Mchana bati lilikuwa tanuri. Nilikuwa nikitoka nje na kukaa kivulini kwa ukuta, peke yangu, nikiangalia wanawake wakipita kwenda mashambani. Waliniamkia vizuri. Hakuna aliyesimama.

Mtu mmoja tu alipiga hodi mwezi ule wa kwanza. Alikuwa mama mjane, Mndamba wa bonde lile, wa umri wa mama yangu mzazi, na shamba lake lilipakana na uwanja wetu. Alileta kambale wawili waliokaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu mnajua kulima mpunga wa bondeni?"

"Najua wa mlimani, mama."

"Basi hujui," akasema, akakaa.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake. Wanawe wawili walikuwa wamekwenda kukata mkonge. Mmoja alikuwa Kilosa, mwingine hata hakujua yuko wapi. Binti hakuwa naye. Alilima mwenyewe, akavuna mwenyewe, na wakati wa ndege alikaa mwenyewe juu ya dungu akipiga debe tangu alfajiri hadi jua kuzama. Alinieleza mambo ya bonde lile. Mvua za kwanza zikinyesha, una wiki chache tu za kutifua na kumwaga mbegu. Baada ya hapo maji yanashuka kutoka milima ya Udzungwa, vijito vinafurika na mbuga inajaa. Mpunga uliokwisha kurefuka unapanda pamoja na maji. Uliochelewa unazama, na mwenye shamba anazama nao.

"Hapa hatuhesabu miezi," aliniambia. "Tunahesabu maji."

Mwishoni mwa mwaka ule mume wangu aliitwa Ifakara kwenye baraza. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, alikuwa ameshuka kutoka bomani Mahenge na amri mpya. Mume wangu alirudi siku ya pili jioni, akaegemeza baiskeli ukutani, akanywa maji vikombe viwili. Kisha akaniambia kwamba msimu huu kila kaya itapanda pamba kwanza, hatua sabini kwa hatua thelathini na tano. Hakuna atakayeshuka bondeni kwenye mpunga kabla pamba yake haijaota, haijapunguzwa miche na kupaliliwa palizi ya kwanza. Atakayekaidi atapelekwa barazani na kupewa mwezi mmoja wa kazi ya barabara.

"Na maji yatawangoja?" nikamuuliza.

"Wameamua wakubwa. Inasemekana imetoka Dar es Salaam, na huko imetoka Ulaya."

"Huko Ulaya wanajua Kisawasawa iko wapi?"

Aliondoka kwenda kuiingiza baiskeli ndani. Hakuwa mtu katili, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mjane. Mshahara wake ulimlisha mama yake na kumsomesha mdogo wake wa kiume katika shule ya misheni kule Mahenge. Kijana yule alibakiza mwaka mmoja amalize, na walimu walikuwa wamesema atapelekwa kusomea ualimu. Mume wangu alipoweka kamba yake begani kila asubuhi, nadhani aliwabeba wote hao.

Siku ya kusoma amri watu walikusanyika mbele ya nyumba ya jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe alikuwa mzee mnene wa sauti ya upole, mwenye wake watatu, na alipenda kusimama karibu sana na mtu anayesema naye. Mume wangu alisoma karatasi yote. Alipomaliza, yule mama jirani yangu akasimama.

"Bwana Shamba, mimi nina swali dogo. Hiyo pamba, inachemka kwa muda gani mpaka iive?"

Watu walicheka. Walicheka wakiwa wameinamisha vichwa, mabega yakitikisika, hata wazee. Mume wangu alikunja karatasi, na nikaona masikio yake yamewaka. Jumbe hakucheka. Alimwangalia yule mama kwa muda, kama mtu anayekariri sura.

Gunia la mbegu lilikuja baada ya mwaka mpya. Mume wangu aligawa kwa kopo, kila kaya kopo zake, na sisi tukachukua zetu, kwa sababu nyumba ya mwelekezi lazima iwe na shamba la mfano. Nilipanda mimi mwenyewe, mistari imenyooka kama alivyonionyesha. Siku mbili baadaye nilikwenda kwa mama jirani kuazima ungo. Nilimkuta jikoni, chungu kiko mekoni, na ndani ya chungu mbegu za pamba zinaelea katika maji yanayofuka.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anazisafisha. Yeye hakuruka wala hakuficha. Alichukua kijiti akazikoroga.

"Nazipika kidogo tu," akasema. "Zikiiva sana zinapasuka, mtu anajua."

"Mama, ni wewe peke yako?"

"Mwanangu, usiniulize jambo ambalo mumeo atakuuliza wewe."

Alizitoa, akazianika juu ya mkeka, na kesho yake nilimwona amejikunja shambani akizipanda, kila shimo mbegu tatu kama ilivyoagizwa, mbele ya mume wangu aliyekuwa akipima kwa kamba na kumsifu kwa mistari yake. Nilisimama mlangoni nikiwaona wote wawili.

Siku nane zikapita, kumi, kumi na mbili. Hakuna kilichoota. Si kwake tu. Kuanzia barabarani hadi mguuni mwa mlima, mashamba ya pamba yalikuwa meusi na matupu. Wanawake walimwendea mume wangu mmoja mmoja, nyuso za huzuni, wakisema ardhi imekataa. Kwa kuwa pamba haikuota hakukuwa na miche ya kupunguza wala cha kupalilia, mume wangu hakuwa na sababu ya kuwazuia, na kila alfajiri nilisikia majembe yakigongana njiani kwenda bondeni. Walikuwa wakimwaga mbegu za mpunga.

Lakini shamba langu liliota. Majani mawili mawili, mazito, ya kijani kibichi, mistari kumi na zaidi, pembeni mwa njia ambako kila mtu alipita. Mbegu zilitoka gunia lile lile.

Mume wangu hakulala vizuri siku hizo. Alichimba mbegu za watu, akazibonyeza kwa kucha, akazinusa. Alikuwa anajua kazi yake. Nilimwona akiinuka kutoka shambani kwa mama jirani, akageuka kuliangalia shamba letu, akasimama hapo muda mrefu. Hakuniuliza neno. Nilitamani aniulize, na niliogopa.

Kisha tarishi akaleta barua. Bwana Shamba Mkubwa, Mzungu, atakuja Kisawasawa Alhamisi kuona pamba kwa macho yake.

Barua ilifika Jumanne. Jumatano asubuhi mume wangu alikwenda kwa jumbe kupanga mapokezi. Mama jirani akaja. Safari hii hakukaa. Alisimama uwanjani akilitazama shamba langu, kitambaa chake cha kichwani amekishika kwa mikono miwili.

"Limependeza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Likiota lako peke yako, mwanangu, hakuna atakayesema ardhi imekataa."

Hakuniomba. Aligeuka akaenda zake, anavuta mguu mmoja kama alivyofanya akichoka, na mimi nikabaki hapo nimeshika ufagio.

Naweza kusema nilifikiri sana, lakini si kweli. Nilifikiri mambo mawili tu. Nilimfikiria mama mkwe wangu, na nikamfikiria mama yule akivunja mawe barabarani kwa umri wake huku mpunga wake ukiliwa na ndege. Kisha nikaingia ndani, nikachukua jembe. Jua lilikuwa utosini na njia ilikuwa tupu, watu wote wako bondeni. Nilianza mstari wa kwanza. Niling'oa kila mche, nikaupiga udongo juu yake, nikasogea. Nilijikata kidole cha mguu kwa jembe na sikusikia maumivu mpaka jioni. Miche niliikusanya katika upande wa khanga, nikaitupa katika shimo la choo. Nilifanya haraka, na nilijua kwamba nafanya vibaya, udongo ukiwa umetifuka upya kama kaburi.

Mume wangu alirudi alasiri. Aliliona shamba kabla hajanifikia mimi. Aliingia ndani, akakaa juu ya kitanda bila kuvua viatu.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Ulijua wanazipika?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hawajapanda."

Nilisikia bati likialika kwa joto juu yetu. Sijawahi kupigwa na mume wangu, wala siku ile hakunipiga, lakini nilikaa nikingoja mkono.

"Kesho huyo mtu ataniuliza," akasema hatimaye, "na mimi sitajua niseme nini, kwa sababu mke wangu ameniamulia. Umemwamulia na mdogo wangu. Umewaza hilo?"

"Nimewaza."

"Hukuwaza."

Hakula. Wala kesho yake asubuhi hakula. Alivaa kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi, akafunga vifungo vyote, akatoka.

Landrova ilikuja saa nne. Bwana Shamba Mkubwa alikuwa mwanamume mrefu, mwekundu shingoni, na alizungumza Kiswahili cha kueleweka. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alipita shamba baada ya shamba, jumbe upande huu, mume wangu upande ule, na sisi wanawake tukifuata kwa mbali kwa sababu tuliamriwa tuwepo. Alichuchumaa, akafukua kwa kisu kidogo, akaiweka mbegu kiganjani, akaipasua.

"Imekufa," akasema. Akaenda shamba la pili. "Imekufa." La tatu. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mbegu hizi zimeota vijiji vingine vyote. Kwa nini hapa zimekufa?"

Kabla mume wangu hajafungua mdomo, jumbe alisogea, akasimama karibu na yule Mzungu kama kawaida yake.

"Bwana, hawa wamezipika," akasema kwa sauti yake ya upole. "Nimechunguza. Yupo mmoja aliyewafundisha wengine. Ni huyu." Akanyoosha mkono kumwonyesha mama jirani yangu. "Huyu ndiye aliyekejeli amri barazani, watu wote walisikia."

Niliwaangalia wake za jumbe. Walikuwa watatu wamesimama pamoja, macho chini, na shamba lao la pamba lilikuwa jeusi kama la wengine. Kila mwanamke pale alijua walivyofanya jikoni kwao. Lakini wao walikuwa na mume, tena jumbe. Yule mama hakuwa na mtu wa kusimama mbele yake. Alibaki ametulia, mikono imeshuka, akimwangalia Mzungu usoni bila kusema ndiyo wala hapana. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea, hatua moja, mbili, mpaka akabaki peke yake. Na mimi nilisogea. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli.

"Ni hivyo?" Mzungu akamuuliza mume wangu.

Mume wangu alitazama mbele. Alikuwa amenyooka kama askari.

"Hapana, Bwana," akasema. "Hakuna aliyepika. Makosa ni yangu."

"Eleza."

"Gunia lilinyeshewa stoo. Paa linavuja. Nililikuta limelowa na limepata joto ndani. Nilipaswa kulirudisha Ifakara. Niliogopa kuchelewa, nikagawa hivyo hivyo."

"Na shamba lako?"

"Halikuota, Bwana. Nimelitifua jana."

Mzungu alikwenda hadi kwenye shamba letu. Alisimama pembeni, akautazama udongo ule mpya, akasogeza bonge kwa ncha ya kiatu. Chini yake palikuwa na mche mmoja niliouacha, umelala, majani yake mawili bado mabichi. Aliuokota. Aliushika kwa vidole viwili, akamtazama mume wangu, na mume wangu akamtazama. Sijui walisemezana nini kwa macho. Pengine Mzungu alipima ni jambo gani litamsumbua zaidi, kijiji kizima cha wanawake mbele ya baraza, au mwelekezi mmoja asiyejua kutunza gunia. Aliuangusha ule mche.

"Utakabidhi vitu vya serikali kwa jumbe leo hii," akasema. "Nyumba utaitoa Jumamosi."

Akaagiza mbegu nyingine ziletwe, akapanda gari, akaenda.

Watu walitawanyika. Jumbe alibaki kupokea baiskeli, akaijaribu breki mbele yetu. Mama jirani alimwendea mume wangu, akapiga magoti, jambo ambalo mtu wa umri wake hapigi kwa kijana. Mume wangu alimshika mkono haraka akamwinua.

"Nenda bondeni, mama," akamwambia. "Maji yanakuja."

Tulihamia Ifakara, mtaa wa Mlabani, kwa jamaa yule yule tuliyelala kwake tulipokuja, katika chumba kimoja cha uani. Siku ya kuhama wanawake watano walibeba mizigo yetu hadi barabarani, na mmoja wao alikuwa mke mdogo wa jumbe. Mume wangu alipata kibarua cha kushona magunia katika ghala la mpunga la mfanyabiashara mmoja, halafu akajifunza kutengeneza baiskeli. Alizungumza nami yaliyokuwa ya lazima. Chumvi imekwisha. Nitachelewa. Hakunilaumu tena hata mara moja, na huko kutolaumiwa kuliniuma.

Pasaka shemeji yangu alikuja kutoka shuleni na sanduku lake la bati. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwa barua. Alikaa kizingitini, akamuuliza kaka yake, "Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu," mume wangu akasema.

Kijana alinitazama mimi, basi nikafahamu kwamba habari zilikuwa zimemfikia zote. Alianza kazi ya kubeba magunia wiki ile ile. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mabega yake hayakuwa ya magunia.

Mwezi wa saba, mpunga ukiwa umevunwa, mama yule alitokea Mlabani. Alikuwa amepanda lori, na alileta mchele mpya, umetwangwa na kupepetwa, kikapu kizima. Mume wangu alimkaribisha, akampa kiti chetu kimoja. Alitupa habari. Pamba ya pili ililetwa mwishoni mwa Januari, ikapandwa kweli safari hiyo, ikaota, na wakati huo mpunga ulikuwa umekwisha kupita magoti. Maji yalipokuja yaliukuta mrefu. Kijiji kilivuna. Kisha akamwona shemeji yangu anaingia kutoka kazini, vumbi la pumba limemjaa kichwani, akauliza ni nani, nasi tukamwambia.

Alimtazama kijana akijipangusa. Kisha akamwambia mume wangu, "Mwanangu, hili la mdogo wako mimi sikulijua."

"Mimi nililijua," mume wangu akasema.

Alisema hivyo tu, akaendelea kufuta mnyororo wa baiskeli aliokuwa nao mkononi. Mimi nilikuwa nikipika. Tangu ile Alhamisi nilikuwa nimeamini kwamba nilimsukuma mahali ambapo hakuwa na njia nyingine, kwamba alisema uongo ule kwa sababu ya udongo nilioutifua. Sasa nikaelewa kwamba mbele ya yule Mzungu alikuwa ameyaona majina mawili pamoja, la mdogo wake na la mama yule, na akachagua mwenyewe. Sikuweza kugeuka. Niliendelea kukoroga sufuria.

Amri ile iliendelea miaka kadhaa zaidi. Mwelekezi aliyetufuata Kisawasawa alikuwa mtu mkali, na alizishika mbegu mwenyewe na kuhakikisha zinapandwa mbele ya macho yake. Msimu wa tatu mama yule alipelekwa barabarani kwa kuchelewa kupalilia, akarudi anakohoa. Alipofariki hatukupata habari mpaka arobaini ilikuwa imepita. Siku watu wa siasa walipoanza kuja Ifakara na kadi zao, wakisema mambo haya yatakwisha, walimfuata mume wangu wakitaka awe kiongozi wao Mlabani, kwa kuwa kisa chake kilijulikana. Alikataa. Alinunua kadi, akahudhuria mikutano, akakaa nyuma.

Shemeji yangu hakuwa mwalimu. Alijifunza cherehani, akafungua kibanda sokoni, akalea watoto sita kwa sindano. Ilimchukua miaka mingi kuniita shemeji bila kusitasita. Mara moja, nikiwa nimempelekea kitambaa cha sare za wanangu, aliniuliza ghafla kama kweli yule mama alivuna mwaka ule.

"Alivuna," nikamwambia. "Magunia manne."

Akaiweka futi yake ya kupimia shingoni, akakitandaza kitambaa juu ya meza, akaanza kukata.